Sahani Isiyorudi Tupu

Mbagala Kuu, Ijumaa 20/3/2020

Da Wahiba wangu, assalaam alaykum. Hujambo huko Maskati? Goti je, limekuachia usujudu au bado unasalia kitini? Wajukuu hawajambo? Sie huku wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu, ila roho ndiyo hazijatulia. Juzi uliponiambia Ramadhani hii huji, ndege zinasitishwa, nilikuitikia "haya" kama mtu mzima, kisha nikaenda kulia bafuni Talha asinione. Tangu mama afariki hatujawahi kufunga mbalimbali mie nawe.

Simu hizi zinakatika kila nikifika kwenye neno lenyewe, na wanijua, mie neno lenyewe sifiki mapema. Basi nimechukua daftari dukani kwa mdogo wetu Hudhaifa, hapa upande wa mbele wa nyumba. Nitakuwa nakuandikia humu, siku moja litakufikia.

Shule zimefungwa tangu Jumanne kwa ajili ya hii korona. Maandazi yangu niliyokuwa napeleka shule ile ya binafsi nyuma ya msikiti sasa sina wa kumpelekea. Na si mie peke yangu. Yule mpangaji wetu wa chumba cha uani, hujamkuta, alihamia mwaka jana, anaitwa Kokuberwa. Mhaya, Mkatoliki, mwanamke mpole, anaamkia hadi paka. Yeye ndiye alikuwa mpishi wa shule hiyo hiyo. Mumewe Erasmus ni dereva wa lori la kwenda Kongo, nyumbani anapita kama mgeni. Wana binti mmoja, Hope, mwaka na nusu, kaachishwa ziwa Krismasi. Mtoto yule alikuwa akienda na mama yake jikoni shuleni, uji asubuhi, maharage mchana. Leo wapo ndani wote wawili.

Nimewapelekea sahani ya mihogo ya nazi. Jioni imerudi inang'aa, tupu. Nikamtania bombani mbele ya wenzake: "Mama Hope, kwenu Bukoba sahani inarudi na sabuni peke yake?" Wakaangua kicheko. Na yeye alicheka.

Jumapili 22/3

Nimepeleka viazi vitamu. Sahani imerudi na mayai matatu juu, ya kuku wake wale wawili. Nikamwambia, "Haa, sasa umekuwa mwenyeji!" Umeona, da Wahiba, mtu mwelevu haambiwi mara mbili.

Jumatano 1/4

Mvua tangu alfajiri. Mkaa umelowa. Ndimu imekuwa bei ya ajabu, sokoni wanaikata vipande viwili wauze kipande kimoja kimoja.

Jumatatu 6/4

Erasmus kapiga simu, wamezuiwa mpakani, foleni ya malori haina mwisho, madereva wanapimwa, majibu hayaji. Posho imekwisha. Kokuberwa aliniambia hayo huku anapepeta choroko, hakulalamika hata kidogo. Nikampelekea magimbi. Akanirudishia choroko zilezile, kibaba kizima. Nikakataa. Akasema, "Hapana, Mama Talha, chukua, kwetu zipo." Nikachukua.

Hope siku hizi analia sana. Nadhani meno.

Jumapili 12/4, Pasaka yao

Kwa sababu ya sikukuu yao nimejitahidi, nimewapikia tambi za sukari na iliki. Mtoto kala vizuri. Kokuberwa kanirudishia pakiti ya dagaa wa Mwanza, wakavu, wazuri, alioletewa na shemeji yake kabla ya haya yote. Nimewaunga kwa nazi, Hudhaifa alipopita kala mpaka kalamba vidole. Kasema, "Dada, huyu mpangaji ana mkono mwema, mwongezee sahani!"

Hudhaifa anajifukiza nyungu kutwa mara tatu, mwarobaini na mchaichai, anatoka kwenye blanketi mwekundu kama jogoo. Unajua pumu yake. Tunamcheka, lakini anaogopa kweli.

Jumamosi 25/4, Ramadhani 1

Tumefunga. Ramadhani kareem, dada. Futari bila wewe haina chumvi. Nimepeleka sahani nne nje: kwa Mzee Thuwaini, kwa mjane wa kona, kwa imamu, na uani kwa Kokuberwa. Mbili hazikurudi. Watu hawana, na asiyekuwa nacho anaikalia sahani ya mtu kwa aibu. Ya uani ndiyo ilirudi ya kwanza, na mayai.

Nilisema moyoni, Ewe Mola, niandikie thawabu za huyu mtoto mdogo. Yule si wa kufunga, lakini ni kinywa.

Jumanne 28/4

Mvua. Uani maji yamefika kizingitini.

Ijumaa 1/5, Ramadhani 7

Habari njema kidogo. Hope kanenepa! Mashavu yamejaa, miguu minene kama ya watoto wa kwenye makopo ya maziwa. Na kulia kumempungua, sasa anakaa tu kimya mlangoni, mpole. Nywele nazo zimelainika, zimekuwa za kahawia. Nikamtania mama yake, "Mwanao kala kwangu mpaka kaanza kufanana na sie Waarabu! Erasmus akirudi atauliza maswali." Kokuberwa kafunika mdomo kwa kanga, kacheka hadi machozi. Majirani wanapita wanasema mashallah, mashallah. Mie, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa. Nikamwambia mjane wa kona, "Futari yangu hiyo."

Jumatatu 4/5

Sukari imeadimika. Nimepunguza kaimati, nimeongeza mihogo. Leo sahani imerudi na maharage mabichi, yamo kwenye bakuli la mtoto kabisa. Bakuli lilikuwa dogo, lile lenye picha ya sungura. Sijui kwa nini limenikaa machoni.

Jumatano 6/5

Hope hakuinuka mlangoni. Nilimwita, "Bibi Hope, shikamoo yangu iko wapi?" Alinitazama tu. Mama yake kasema ni joto. Nikamwambia ampeleke kliniki akapimwe uzito. Akasema, "Mama Talha, kliniki sasa hivi? Wanasema wanaokwenda na mafua wanabakizwa huko. Na mtoto ananenepa, wamwangalie nini?" Na mie naogopa huko.

Alhamisi 7/5

Kuku mmoja wa Kokuberwa hayupo. Nilimuuliza, akasema kauza apate unga na mkaa.

Jumamosi 9/5, Ramadhani 15

Hapa nitaandika sana, da Wahiba, ukae chini.

Asubuhi nilipita kwa mchuuzi nikamnunulia Hope sandali za plastiki, nyekundu, za sikukuu. Nikasema nimjaribishie mapema. Nimemkalisha mapajani, nikamfunga mkanda wa kiatu. Hakupiga teke, hakulia, wala hakuvitazama viatu. Ngozi ya miguu ilikuwa inang'aa. Nikavivua. Alama ya mkanda ilibaki mguuni, shimo refu kama mfereji. Nikangoja lirudi. Halikurudi.

Dada, mie nimekanda unga miaka yote hii. Unga uliofura ukiubonyeza unainuka wenyewe. Mguu huu ulibaki chini. Nikabonyeza kwa kidole gumba sehemu nyingine, shimo jingine.

Nikamwita: "Kokuberwa, njoo uone." Alipoona alisema, "Ni unene tu." Lakini sauti haikuwa ya mtu anayeamini. Nikamwambia, "Vaa. Tunakwenda hospitali." Akasema, "Korona, Mama Talha." Nikamwambia, "Korona itatukuta na mtoto mgongoni. Vaa!"

Hudhaifa alikuwa barazani, alipotuona na barakoa kasimama. "Dada, mnakwenda wapi? Hospitali? Na swaumu hiyo? Mtakuja kutuua humu ndani." Tukapanda bajaji.

Hospitali kuna ndoo za kunawa kila mlango na watu wamekaa mbalimbali kama waliogombana. Nesi aliyetupokea jina lake Atuganile, mwanamke mnene mwenye sauti nzito. Kamkalisha Hope mezani, kambonyeza miguu yote miwili, kamfunua macho, kamvuta unywele ukatoka bila kupinga.

"Mara ya mwisho kupimwa uzito lini?"

"Mwezi wa pili," Kokuberwa kasema. "Baada ya hapo niliogopa."

"Na huko nyumbani wanasemaje? Kanenepa?"

Mie nikadakia, "Mtaa mzima unamsifia, nesi."

Akanitazama. "Mama, huyu hajanenepa. Huyu kavimba. Haya ni maji. Ni utapiamlo, ule wa kuvimba."

Niliona kama kanitukana. Nikamwambia, "Utapiamlo vipi, na mtoto anakula kwangu kila siku ya Mungu?"

"Anakula nini?"

Nikataja, tena kwa kujidai. Mihogo ya nazi, tambi, kaimati, viazi vitamu, magimbi, uji wa sukari.

"Hivyo vinashibisha, havijengi mwili. Na mayai? Maharage? Dagaa? Maziwa?" Akamgeukia Kokuberwa. "Nyumbani kwako hakuna kabisa?"

"Vilikuwepo."

"Vimekwenda wapi?"

Kokuberwa hakumtazama nesi, wala hakunitazama mie. Alikuwa anaitazama sakafu. Kasema polepole, "Kwa Mama Talha. Sahani ya mtu hairudi tupu. Na mie mpangaji."

Da Wahiba, nilitamani ile sakafu inimeze. Mayai yale nilikuwa nayala daku. Choroko tulizipika. Dagaa kala ndugu yetu akalamba vidole. Kila nilipompelekea mwanawe sahani ya wanga na sukari, nilikuwa namchukulia sahani ya nyama ya mwili wake, na juu yake najihesabia thawabu. Nikamwambia, "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" Akasema, "Ningesemaje? Mara ya kwanza tu mtaa mzima ulicheka."

Nesi kasema, "Mtalia baadaye. Mtoto analazwa sasa hivi."

Jumapili 10/5

Wodini anaruhusiwa mtu mmoja tu kwa mgonjwa, sababu ya korona. Kokuberwa yupo ndani, mie nasimama getini. Nikampa mlinzi kanga na themosi ampelekee. Mlinzi kaniambia, "Bibi, wewe umefunga, nenda kakae." Nikakaa ukutani kwenye matope.

Jumatatu 11/5

Mtoto kakataa maziwa. Kawekewa mpira puani. Mikono baridi.

Jumanne 12/5

Hivyohivyo. Mvua. Nimesoma Yasin getini bila msahafu, nikakosea mara mbili, nikarudia mwanzo.

Jumatano 13/5

Kokuberwa katoka mara moja kunijia, macho mekundu. Kitanda cha jirani kuna mtoto kaondoka alfajiri. Yule naye walimsifia unene. Kaniambia, "Mama Talha, nilikuwa napikia watoto wa shule nzima. Ninajua chakula. Wangu nilimwona hivi hivi." Nikamwambia na mie nilimwona. Tukashikana mikono kwenye nondo za geti mpaka mlinzi akakohoa akasema, "Mbalimbali, kina mama, mbalimbali."

Nimefikiri sana kuhusu hili njiani kurudi. Nilikuwa nikidhani njaa ina sura moja, mifupa na macho ya kutoka. Kumbe mwaka huu imekuja imevaa mashavu. Wala haikuja kwa kukosa mvua, mvua tunayo ya kuzamia. Imekuja kwa shule kufungwa, kwa lori kusimama mpakani, kwa kuogopa mizani ya kliniki, na kwa kucheka kwangu bombani.

Ijumaa 15/5, Ramadhani 21

Hope kanywa kwa kikombe. Kidogo, lakini kwa mdomo wake. Allahu akbar.

Jumapili 17/5

Kokuberwa kanipigia analia: mtoto amepungua uzito! Nikatoka mbio. Nesi Atuganile kaja getini mwenyewe, kasema, "Nilishawaambia. Lazima apungue kwanza, maji yanatoka. Huyo mnayemwona sasa ndiye Hope. Yule wa kwanza alikuwa maji." Kamleta mlangoni, kaninyanyulia nimwone kwa mbali. Dada, mtoto ni mikono miwili na kichwa. Lakini alikuwa analia! Kulia kwa hasira. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Jumatano 20/5, Ramadhani 26

Wameruhusiwa. Sharti la nesi: kila wiki arudishwe apimwe na apewe chakula cha dawa, wiki nyingi, na nyumbani ale yai, maharage, dagaa waliosagwa kwenye uji, mara tano kwa siku, na mtu mzima akae naye akila. "Akirudi kwenye mihogo mitupu," kasema, "safari ya pili huwa hatuwapati."

Tumeingia mtaani, majirani wamefungua midomo. Walewale wa mashallah. "Jamani, hospitali wamemmaliza! Alikwenda mnene!" Mjane wa kona kamshika Kokuberwa mkono, "Pole mwanangu, wamekuharibia mtoto." Nikawasimamisha palepale, nikawaeleza, na nilianza na mayai niliyokula mie. Hakuna aliyecheka.

Nimemwambia Kokuberwa sasa hakuna sahani ya kwenda wala ya kurudi. Anakuja jikoni kwangu na tunapika chungu kimoja. Yeye ndiye mpishi, mie mkata vitunguu. Mtoto anakula mchana, sie tunangoja adhana.

Alhamisi 21/5

Hudhaifa kaja baada ya adhuhuri, kasimama mlangoni, hakuingia.

"Dada, mie sina ubaya na mtoto. Lakini watu hawa wametoka hospitali. Kila wiki watarudi huko, kila wiki wataleta pumzi za huko humu uani. Mnapika chungu kimoja, mnashika kijiko kimoja. Sikukuu ikipita, watafute pengine."

"Pengine wapi?"

"Si ana shangazi Chanika?"

Shangazi ana chumba kimoja na wamo saba. Na Chanika mpaka hospitali ile ni safari ya kuvuka mji. Nikamwambia, "Hudhaifa, ukimtoa hapa umemrudisha kwenye mihogo mitupu. Umesikia nesi alivyosema?"

"Na mie nikibanwa kifua, nesi atasema nini?" Akaanza kuhema palepale, mkono kwenye mlango. Wiki iliyopita kawazika wawili wa sokoni aliokuwa akikaa nao barazani, na leo ndiyo mara ya kwanza kuniambia. Nilikuwa nimemkasirikia tangu siku ile ya bajaji. Leo nimemwona ni mdogo wangu yuleyule aliyekuwa akilala katikati yetu akiwa hawezi kupumua. Lakini kumhurumia hakukunibadilisha. Nikamwambia atakaa upande wa mbele, sie tutatumia mlango wa nyuma, nitapika mie nyuma, hatagusana na mtu. Akasema, "Nyumba ya baba hii, dada. Si yako peke yako."

"Wala si yako peke yako," nikamjibu.

Jumamosi 23/5

Mwezi haujaonekana bado nikiandika. Kokuberwa kasikia yote kupitia dirishani. Nimemkuta anakunja nguo za Hope anaziweka kwenye kiroba. Nikazitoa. Akazirudisha. "Mama Talha, nisikugombanishe na nduguyo. Umenitosha."

Erasmus bado mpakani.

Jumapili 24/5, Idi

Eid mubarak, da Wahiba. Tumeswali. Hope kala yai zima asubuhi, na kamtupia paka maganda. Jana alipimwa, kaongezeka kidogo, safari hii ni nyama, si maji.

Hudhaifa kaja kunipa mkono wa Idi kwa mbali, kwa kiwiko. Kasema, "Kesho kutwa, dada." Nikamwambia nyumba hii ilibaki kwetu watatu. Yeye kasema watoke, mie nimesema wakae, limebaki neno la da Wahiba. Akasema, "Haya. Akisema wakae, watakaa." Hilo kalitamka mwenyewe, Talha shahidi.

Daftari hili nilitaka likungoje ndege. Haliwezi kungoja. Talha atapiga picha kurasa zote akutumie sasa hivi, ndiyo maana mwandiko wa mwisho nimeukuza. Usome yote, ya mayai pia, usinionee haya, kisha uamue kama mwenye nyumba. Ukiona Hudhaifa ana haki, sema, nitatafuta njia nyingine ya kumfuata mtoto huko Chanika. Ukiona wakae, usinijibu mie peke yangu, mpigie na yeye, umwambie kwa sauti yako ya dada mkubwa, na umuulize kifua chake.

Kokuberwa yupo uani, kiroba kakifunga kamba. Kamkalisha Hope juu yake. Nimemwambia asubiri mpaka upatikane.

Tafadhali, dada yangu, nijibu leo.

Nduguyo,
Khulud